Floraidi na Kiunzi cha Seli: Chanzo cha Meno ya Kahawia katika Bonde la Ufa

Utangulizi

Katika miji na vijiji vya Bonde la Ufa, kuanzia Naivasha, Gilgil na Elmenteita hadi Nakuru na Baringo, si ajabu kumkuta kijana mwenye afya njema ambaye kila anapocheka huziba kinywa kwa kiganja. Meno yake yana mabaka ya kahawia, na pengine ncha zake zimemomonyoka. Wasiojua humdhania kuwa mvivu wa kupiga mswaki. Hali ni hiyo hiyo ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, katika maeneo ya Arusha na Meru. Ilhali kosa si la kijana huyo wala la mswaki wake. Rangi ile haiko juu ya jino bali imo ndani yake, na iliingia kabla jino lenyewe halijachomoza kwenye ufizi.

Kwamba chanzo cha hali hii ni floraidi iliyomo katika maji ni jambo lililojulikana tangu mwaka 1931. Lisilofahamika kwa wengi ni namna chembe ndogo kiasi hicho inavyoweza kuharibu kazi ya seli zinazolijenga jino. Makala haya yanaeleza jinsi floraidi inavyokivuruga kiunzi cha ndani cha seli, hasa seli zinazotengeneza enameli, lile gamba gumu linalolifunika jino. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba floraidi hailiozeshi jino lililokwisha kuota. Huwapotosha wajenzi wake wakiwa bado kazini. Hoja hii ina uzito kwa kila mzazi wa Bonde la Ufa, kwa kuwa ndiyo inayobainisha ni wakati gani kinga inafaa na ni wakati gani imechelewa.

Floraidi yatoka wapi?

Florini ni elementi ya tisa katika jedwali la elementi. Kwa sababu ya ukali wake wa kuungana na elementi nyingine, haipatikani peke yake katika maumbile. Hupatikana ikiwa floraidi, yaani ioni yenye chaji hasi, ndani ya miamba, udongo na maji. Bonde la Ufa la Afrika Mashariki ni zao la volkano, na miamba yake ya volkano ina floraidi kwa wingi. Maji ya mvua yanapopenya ardhini na kukaa kwa muda mrefu miongoni mwa miamba hiyo, huyeyusha floraidi na kuibeba. Ndiyo sababu maji ya kisima kirefu, ambayo ni maangavu na hayana vijidudu, yanaweza kuwa na floraidi nyingi kuliko maji ya mto ulio jirani. Katika maziwa ya magadi kama vile Nakuru na Elmenteita, ambayo hayana mto wa kuyatoa maji, kiasi kinachozidi miligramu 1,000 kwa lita kimewahi kupimwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Aidha, maji si njia pekee. Magadi yanayotiwa katika chungu ili maharage au makande yaive upesi hubeba floraidi, na majani ya chai huikusanya kutoka udongoni. Mtu anayepika kwa magadi na kunywa chai iliyochemshwa kwa maji ya kisima chenye floraidi huwa ameipokea kwa njia tatu katika mlo mmoja.

Ugunduzi wa uhusiano kati ya maji na meno ulifanyika mbali na hapa. Mwaka 1901, daktari wa meno Frederick McKay alifungua kliniki Colorado Springs nchini Marekani na kuwakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Alishuku maji, lakini hakuweza kuthibitisha. Mwaka 1931, mkemia H. V. Churchill, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya alumini, aliyapima maji ya mji wa Bauxite, jimbo la Arkansas, ambako watoto walikuwa na meno ya aina hiyo hiyo, akagundua floraidi kwa wingi. Miaka sita baadaye, yaani mwaka 1937, daktari Kaj Roholm wa Denmark alichapisha uchunguzi wake mpana kuhusu wafanyakazi wa Copenhagen waliovuta vumbi la kriolaiti, jiwe lenye florini, na ambao mifupa yao ilikuwa imeathirika. Jino na mfupa vilikuwa vimetajwa. Seli ilikuwa bado haijaulizwa.

Dhana ya kiunzi cha seli

Neno kiunzi linatokana na kitenzi unda, kwa mabadiliko yale yale ya sauti yanayotupa mlinzi kutokana na linda na mapenzi kutokana na penda. Mwanapwani hulitumia kwa umbo la chombo cha baharini kabla ya kupigiliwa mbao. Mwalimu wa sayansi hulitumia kwa mifupa yote ya mwili. Na mfuatiliaji wa riadha analikumbuka kutokana na mbio za kuruka viunzi na maji. Maana ya kwanza ndiyo inayofaa hapa: umbo linaloshikilia kitu na kukipa sura.

Seli nayo ina kiunzi chake. Si mfuko wa majimaji ulioning'inia bila nguzo. Ndani yake mna mtandao wa nyuzi za protini za aina tatu. Nyembamba kabisa ni nyuzi za aktini, ambazo unene wake ni takriban nanomita 7. Hizi hutanda zaidi chini ya utando wa seli, nazo huipa seli umbo, huiwezesha kujongea na kubadilisha sura ya kingo zake. Nene zaidi ni mikrotubuli, mirija midogo ya protini iitwayo tubulini, yenye kipenyo cha nanomita 25 hivi. Mirija hii ni kama njia za usafirishaji: mizigo iliyotengenezwa ndani ya seli hubebwa juu yake hadi inakohitajika. Kati ya hizo mbili kuna nyuzi za kati, zenye unene wa nanomita 10 hivi, ambazo kazi yake kubwa ni kuihimili seli isipasuke inapovutwa.

Hata hivyo, mfano wa jahazi au nyumba una mpaka wake. Nguzo ya nyumba ikishasimikwa hukaa miaka. Kiunzi cha seli, kinyume chake, hujengwa na kubomolewa muda wote. Chembe za aktini huungana upande mmoja wa uzi huku nyingine zikibanduka upande wa pili. Uhai wa seli umo katika mizani ya mambo haya mawili. Uzi usioungana haufai kitu. Uzi usiobanduka nao ni balaa, kwa kuwa seli hushindwa kubadili umbo inapotakiwa kufanya hivyo. Ni mizani hii hasa ambayo floraidi huivuruga.

Jinsi floraidi inavyokivuruga kiunzi

Ili kuelewa uharibifu huu, ni sharti kwanza kueleza kazi ya fosfeti. Kila chembe ya aktini hubeba molekuli ya ATP, ambayo ina fosfeti tatu. Chembe inapojiunga na uzi, ATP hiyo huvunjika na fosfeti ya tatu hukatika. Kwa muda fosfeti hiyo hubaki imekaa mahali pake, na uzi huwa imara. Inapoondoka, uzi hudhoofika na chembe zake huwa tayari kubanduka. Kwa maneno mengine, kuondoka kwa fosfeti ni ishara kwamba muda wa kubomoa umewadia.

Mwaka 1988, watafiti Combeau na Carlier walionyesha kwamba floraidi ikiungana na alumini au berili huunda kitu chenye umbo linalokaribiana sana na la fosfeti. Kitu hicho huingia katika nafasi iliyoachwa wazi ndani ya uzi wa aktini na kukaa pale. Uzi hudanganyika. Huendelea kuwa imara kana kwamba fosfeti haijaondoka, na kasi ya kubanduka hupungua mno. Hapakuvunjwa kitu wala kuunguzwa kitu. Kilichotokea ni ishara ya uongo kupokewa kama ya kweli.

Udanganyifu wa namna hii ulikuwa umekwisha kuonekana mahali pengine. Wanabiolojia walijua kwa miaka mingi kwamba floraidi huziamsha protini za G, ambazo ni swichi zinazopitisha ujumbe kutoka nje ya seli hadi ndani. Mwaka 1982, Paul Sternweis na Alfred Gilman waligundua kwamba floraidi peke yake haiwezi kazi hiyo; huhitaji chembechembe za alumini. Alumini hiyo ilikuwa ikiingia katika majaribio bila kutarajiwa, sehemu yake ikitoka katika vioo vya mirija ya maabara. Gilman alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1994 pamoja na Martin Rodbell kwa kazi yao juu ya protini za G.

Swichi hizo zina jamaa zake wadogo, na mmoja wao aitwaye Rho ndiye msimamizi wa nyuzi za aktini. Rho inapowashwa, huamsha kimeng'enya kiitwacho ROCK, nacho hutoa amri za kuongeza nyuzi, kuzikaza na kuzuia zisibomolewe. Hivyo basi, kuna milango miwili ambayo floraidi inaweza kupitia: kuuganda uzi wenyewe, na kuvuruga amri zinazoutawala. Katika seli za jino, mlango wa pili ndio uliochunguzwa zaidi.

Seli zinazojenga enameli

Enameli hujengwa na seli ndefu zilizopangwa safu moja, ziitwazo ameloblasti. Kazi yao ina awamu mbili kuu. Katika awamu ya kwanza, hutoa protini ambazo huwa mfano wa kalibu: fuwele za madini huanza kuota ndani yake. Katika awamu ya pili, ambayo ni ya ukomavu, protini hizo huvunjwavunjwa na kuondolewa ili fuwele zinenepe na kujaza nafasi zote. Enameli iliyokomaa huwa na madini kwa takriban asilimia 95 ya uzito wake, na ndiyo tishu ngumu kuliko zote mwilini.

Awamu ya pili ndiyo inayodai wepesi wa kiunzi. Ameloblasti hubadilisha umbo la ncha yake mara kwa mara: mara ncha huwa na mikunjo mingi, mara huwa laini. Mageuzi haya huandamana na upitishaji wa madini na uondoaji wa mabaki ya protini. Seli isiyoweza kupanga na kupangua nyuzi zake za aktini haiwezi kuyafanya mageuzi hayo ipasavyo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulitazama suala hili moja kwa moja. Vichipukizi vya meno ya panya viliwekwa katika mchanganyiko wenye floraidi ya sodiamu, kisha ameloblasti zikachunguzwa. Nyuzi za aktini zilikuwa zimeongezeka kupita kawaida, na dalili zilionyesha kwamba ongezeko hilo lilipitia njia ya Rho na ROCK. Matokeo haya yanawiana na yale yaliyoonekana kwa wanyama waliopewa floraidi nyingi: ameloblasti zao huchelewa katika mageuzi ya umbo, na protini za kalibu hubaki ndani ya enameli kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Matokeo yake ni enameli yenye vitundu chini ya uso wake. Jino huota likiwa na weupe kama wa chaki. Baadaye, rangi za vyakula na vinywaji hupenya katika vitundu hivyo na kuyageuza mabaka kuwa ya kahawia. Na palipo dhaifu zaidi, enameli humeguka.

Ifahamike kwamba kiunzi si mhanga pekee. Floraidi nyingi huisumbua pia sehemu ya seli inayokunja protini, na huathiri vimeng'enya kadhaa. Vilevile, viwango vilivyotumika katika majaribio mengi ya maabara ni vikubwa mara nyingi kuliko vile vinavyopatikana katika damu ya binadamu. Majaribio ya namna hiyo huonyesha njia ambayo madhara yanaweza kupitia. Hayawi kipimo cha kiasi kinachomdhuru mtoto wa Gilgil. Kipimo hicho hutokana na uchunguzi wa watu na maji wanayoyanywa, na ndio uliozaa kile kiwango cha miligramu 1.5.

Kutoka jino hadi mfupa

Takriban asilimia 99 ya floraidi inayobaki mwilini huhifadhiwa katika mifupa na meno. Mfupa, tofauti na enameli, hujengwa upya maisha yote: osteoblasti hujenga, osteoklasti hubomoa. Osteoklasti ili ibomoe hulazimika kujishikiza kwenye mfupa kwa pete iliyosukwa kwa nyuzi za aktini. Kwa hiyo, hapa pia kiunzi kidogo cha seli ndicho kinachoamua hatima ya kiunzi kikubwa cha mwili.

Floraidi nyingi huwachochea wajenzi, na mfupa huongezeka. Je, mfupa mwingi ni mfupa imara? Jibu lilitolewa mwaka 1990 na jaribio la miaka minne nchini Marekani, lililowahusisha wanawake 202 ambao mifupa yao ilikuwa imedhoofika baada ya kukoma hedhi. Waliopewa floraidi waliongeza msongamano wa mifupa ya kiuno kwa asilimia 35, lakini kuvunjika kwa pingili za mgongo hakukupungua kwa kiwango cha kuridhisha, na mifupa mingine ilivunjika zaidi kuliko ya wale ambao hawakupewa. Wingi haukuwa nguvu. Somo ni lile lile la nyuzi za aktini: ujenzi usio na mizani hauleti uimara. Katika maeneo yenye floraidi nyingi sana, watu wanaoyanywa maji hayo kwa miaka mingi hukakamaa viungo na mgongo, na katika eneo la Arusha wameonekana watoto waliopinda miguu.

Kinga na wajibu wa lugha

Ameloblasti hufa jino linapochomoza. Mwili hauna seli nyingine za kuirudia kazi ile. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kwa enameli hata ukuta haujengeki tena, kwa kuwa waashi wamekwisha kuondoka. Meno mengi ya kudumu hujengwa kati ya kuzaliwa na umri wa miaka minane hivi. Anayehamia Nakuru akiwa mtu mzima hatapata mabaka. Mtoto anayezaliwa huko anaweza kuyapata ijapokuwa wazazi wake wana meno meupe. Kinga basi inapaswa kumlenga mtoto mdogo kabla ya mtu mwingine yeyote nyumbani.

Njia za kinga zipo. Maji ya mvua yanayokingwa kwenye paa safi huwa na floraidi kidogo sana, na yakiwa haba yanaweza kutengwa kwa ajili ya kunywa na kupikia chakula cha watoto. Mkaa wa mifupa, yaani mifupa ya wanyama iliyochomwa kwa joto kali na kusagwa chembechembe, hunasa floraidi maji yanapopita ndani yake. Njia hii imetumiwa Nakuru na Dayosisi ya Kanisa Katoliki tangu miaka ya mwisho ya karne iliyopita, na kuchunguzwa katika kituo cha Ngurdoto, Tanzania. Mkaa huo huchoka na sharti ubadilishwe. Inastaajabisha kwamba mfupa, unaoidaka floraidi mwilini kwa madhara, huidaka chujioni kwa manufaa. Kemia ni ile ile.

Kuchemsha maji, kwa upande mwingine, hakuondoi floraidi. Huua vijidudu, lakini maji yakipungua kwa mvuke floraidi hubaki na huwa nyingi zaidi katika kila kikombe. Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza. Mama aliyefundishwa kwa miaka mingi kwamba maji yaliyochemshwa ni maji salama anahitaji kuelezwa tofauti kati ya kijidudu kinachokufa na ioni isiyokufa. Akiambiwa tu kwamba maji yake ni mabaya, atachemsha zaidi. Ni vyema pia aelezwe kwamba dawa ya meno yenye floraidi hulinda uso wa jino lisioze, mradi mtoto awekewe kidogo na asiimeze. Bila maelezo hayo, onyo la floraidi laweza kumfanya aitupe dawa iliyo na faida.

Kiswahili kina nyenzo za kazi hii. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilichapishwa na TUKI mwaka 1990, na walimu wa Tanzania wamefundisha sayansi ya shule za msingi kwa Kiswahili kwa miongo mingi. Upungufu uko katika matumizi na katika usahihi. Anayesema "mifupa ya seli" akimaanisha kiunzi cha seli humpotosha msikilizaji, hasa katika mada kama hii ambapo mfupa halisi nao umo. Anayeiita floraidi "chumvi" tu humfanya mtu aitafute kwa ulimi, ilhali maji yenye floraidi ya kudhuru yanaweza kuwa matamu kabisa. Istilahi isiyo sahihi hapa si kosa la mtihani. Humgharimu mtu meno.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mabaka ya kahawia yanayoonekana kwenye meno ya watu wa Bonde la Ufa ni tamati ya mkondo mrefu. Mkondo huo huanzia katika miamba ya volkano, hupitia kisimani na chunguni, na kuingia katika seli ambayo nyuzi zake zilipaswa kujengwa na kubomolewa kwa mizani. Floraidi ikizidi, mizani hiyo huharibika, mageuzi ya ameloblasti huchelewa, na enameli hutoka ikiwa na vitundu. Yote haya hutukia mtoto akiwa bado hajaweza kujichagulia maji.

Kwa sababu hiyo, kijana anayeziba kinywa anapocheka hastahili kulaumiwa kwa uvivu. Meno yake ni kumbukumbu ya maji aliyopewa alipokuwa mdogo. Mdogo wake ambaye hajafikisha miaka minane bado ana ameloblasti zinazofanya kazi, na mtungi wa maji ya mvua atakaotengewa leo ndio utakaoamua meno yake yatatoka na rangi gani.